Pampu iliyowaka mara 41 kwa siku: kisa cha breka ya kilovoti 220 jijini Dar es Salaam

Kaunta ya pampu, inayohesabu mara ambazo pampu imewaka, ni kidude chenye tarakimu tano, kimefungwa ndani ya mlango wa kabati la breka (swichi kubwa inayokata umeme wa njia), na vituo vingi hukisoma pale tu mkaguzi anapokuja. Kituo cha kupoza umeme tunachokizungumzia hapa kiko upande wa magharibi mwa Dar es Salaam, na opareta wa shifti ya asubuhi husoma kaunta zake kila siku saa 1 na kuziandika kwenye daftari. Bila daftari hilo kisa hiki kingeishia kwenye breka iliyogoma kufunguka.

Breka yenyewe ni ya njia ya kilovoti 220, inazima cheche kwa gesi ya SF6, na kila fezi (mmoja wa nyaya tatu za njia) ina mtambo wake wa haidroliki unaojitegemea: pampu yake, tenki lake la mafuta, akumuleta yake ya naitrojeni na kaunta yake. Jumatano ya kwanza ya Februari daftari lilionyesha kwamba kwa saa 24 pampu ya fezi nyekundu iliwaka mara 3, ya njano mara 9, ya bluu mara 4. Jumamosi, siku kumi baadaye, nyekundu ilikuwa bado 3, bluu 4, na njano 41.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Kwa watu wa majumbani, kusikia "umeme umefungwa" kunaweza kumaanisha umeunganishwa au umekatwa, kutegemea anayesema. Kituoni hakuna nafasi ya utata huo: breka iliyofungwa inapitisha umeme, breka iliyofunguliwa imekata. Hapa maneno hayo yanatumika hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtambo unavyofanya kazi

Pampu ya haidroliki haifungui wala haifungi breka. Kazi yake ni kuweka akiba. Mota ndogo huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kutoka kwenye tenki kuingia kwenye akumuleta, ambayo ni silinda nene ya chuma yenye pistoni inayoelea katikati. Upande mmoja wa pistoni hiyo ni mafuta, upande wa pili ni naitrojeni iliyojazwa kwa presha ya bar 200 kwenye joto la nyuzi 20. Mafuta yakiingia, naitrojeni hubanwa, na nguvu hukaa humo ikisubiri amri.

Silinda inayosogeza kontakti za breka (vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) ina pistoni ya aina nyingine. Upande wenye fimbo una eneo dogo, na muda wote umeunganishwa na presha ya akumuleta. Upande wa pili una eneo kubwa zaidi. Valvu kuu ikiruhusu presha iingie upande mkubwa, pande zote mbili zina presha sawa, lakini upande mkubwa unashinda kwa sababu ya eneo lake, na breka inafunga. Valvu kuu ikiachia mafuta ya upande mkubwa yarudi kwenye tenki, upande wa fimbo unabaki peke yake na breka inafunguka. Kufungua, kwa maneno mengine, ni kumwaga tu, na ndiyo maana kunachukua milisekunde 20 hivi. Valvu kuu yenyewe huamshwa na valvu ndogo zenye koili: moja ya kufunga, mbili za kufungua, ili koili moja ikiungua nyingine ifanye kazi.

Mpangilio huo wa presha ya upande mmoja na wa pande mbili ushikwe vizuri, kwa sababu ndio uliotoa jibu la kisa chote.

Kwenye kibao cha breka hii, viwango vya presha ni hivi (breka za watengenezaji wengine zina vyake):

bar 320: pampu inawaka
bar 308: inazuiwa kujifunga yenyewe baada ya hitilafu
bar 273: inazuiwa kufunga kabisa
bar 253: inazuiwa hata kufungua
bar 355: kengele ya naitrojeni kuvuja
bar 375: valvu ya usalama inaachia

Wengi hushangaa kuona kengele ya gesi kuvuja iko juu ya presha ya kawaida. Sababu ni hii: pampu ikishafikisha presha, relei ya muda (swichi inayojiendesha) huiacha iendelee sekunde chache, na kwa kawaida ikizimika sindano husimama karibu na 327. Naitrojeni ikiwa imetoroka, pistoni inayoelea hufika mwisho wa silinda, mafuta hayana tena kitu laini cha kubana, na katika sekunde hizo chache presha inaruka hadi kupita 355. Kengele inalia juu kwa sababu chini hakuna mto.

Na kwa nini breka izuiwe kufungua ikifika 253? Breka inayoanza kufunguka kwa nguvu pungufu ni hatari kuliko iliyobaki imefungwa. Kontakti zikiachana polepole, pumzi ya SF6 haiji kwa kasi ya kutosha, cheche haizimiki, na chumba cha breka kinaweza kupasuka. Bora isimame, relei ya breka iliyoshindwa ifungue breka za jirani, hata kama sehemu nzima ya basi (nondo zinazounganisha njia za kituo) itazimika na mitaa kadhaa kukaa gizani.

Dhana mbili za mwanzo, zote zenye makosa

Alhamisi, kaunta ya njano ilipofika 28, yalikuja mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa kushusha kidogo swichi ya presha ili pampu iwake mara chache. Hilo lilikataliwa palepale. Kushusha swichi kungepunguza namba kwenye daftari huku uvujaji ukibaki vilevile, na kungesogeza presha ya kawaida karibu zaidi na 308.

Pendekezo la pili lilikuwa na mantiki zaidi, na ndilo linalotolewa mara nyingi.

"Mzee, si tuiongeze tu naitrojeni?" fundi kijana aliuliza akiwa amefungua mlango wa kabati.

"Umepima pampu inakimbia sekunde ngapi?"

"Bado."

"Basi pima kwanza, halafu kapime na ya nyekundu."

Swali hilo la mzee linatatua nusu ya tatizo kwa saa ya mkononi. Naitrojeni ikipungua, ujazo wa mafuta unaohitajika kupandisha presha kutoka 320 hadi 327 nao unapungua, kwa hiyo pampu inawaka mara nyingi lakini kila safari ni fupi mno, sekunde mbili au tatu. Mafuta yakiwa ndiyo yanayovuja na gesi ni nzima, pampu inawaka mara nyingi na kila safari ina urefu wake wa kawaida. Njano ilikimbia sekunde 8. Nyekundu, ilipofika zamu yake ya kuwaka jioni, ilikimbia sekunde 8. Naitrojeni ikatoka kwenye orodha ya washukiwa bila kufungua hata nati moja.

Jambo la pili lililopimwa bila kuzima njia ni saa ambazo pampu inawaka. Breka isiyo na kasoro nayo huwasha pampu, lakini ina tabia yake. Presha ya naitrojeni hupanda na kushuka na joto, na kwa presha hizi ni kama bar 1 kwa kila nyuzi moja. Februari, kipindi cha kaskazi, ndani ya kabati lililo juani kipimajoto kilisoma nyuzi 41 saa 9 alasiri na 27 alfajiri. Kwa hiyo kuanzia jioni presha inashuka yenyewe ingawa hakuna tone lililovuja, na pampu inawaka mara mbili tatu usiku. Mchana presha inapanda, pampu inalala. Nyekundu na bluu zilifuata desturi hiyo. Njano iliwaka saa 6 mchana, jua la utosi, wakati joto lilikuwa likiisaidia. Hapo hapakuwa na maelezo mengine zaidi ya uvujaji.

Nje hapakuwa na mafuta. Sakafu ya kabati ilikuwa kavu, viungo vya mabomba vikavu, na kioo cha tenki hakikuonyesha kupungua. Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye presha na kurudi tenkini kwa njia ya ndani. Tahadhari kwa wanaotafuta uvujaji wa nje: usipapase bomba lenye bar 320 kwa kiganja. Mchirizi usioonekana kwa macho unaweza kutoboa ngozi na kuingiza mafuta ndani ya nyama, na jeraha linaloonekana kama kuchomwa na sindano linaweza kuishia kwa kukatwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi kwenye kijiti.

Hesabu ya muda uliobaki

Kabla ya kuomba njia izimwe ilibidi kujua kama kuna siku, saa au dakika. Akumuleta ya breka hii ina lita 10 za gesi ikiwa imejazwa kwa bar 200. Tukichukulia joto halibadiliki, kwenye bar 320 gesi inabaki na ujazo wa lita 6.25, yaani mafuta ni lita 3.75. Kwenye 327 mafuta ni lita 3.88. Tofauti ni mililita 134. Hicho ndicho kinachovuja kati ya pampu kuzimika na kuwaka tena.

Mara 41 kwa siku ni lita 5.5, au mililita 3.8 kwa dakika. Si mengi, ni kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Lakini tuseme umeme wa ndani wa kituo unakatika na pampu haiwaki. Kutoka 320 hadi 308 kuna mililita 244 tu, kwa hiyo baada ya saa moja na dakika chache breka inapoteza uwezo wa kujifunga yenyewe. Hadi 273 ni lita 1.08, takriban saa nne na dakika arobaini. Hadi 253, ambapo breka haiwezi tena kukata hitilafu, ni lita 1.65, kama saa saba na robo. Zile siku tatu hadi sita zilizoandikwa kwenye mwongozo wa kukatika umeme wa ndani hazikuwepo tena. Kilichobaki ni usiku mmoja usiofika alfajiri.

Zaidi ya hapo, kutoka 9 hadi 41 kwa siku kumi ni kuongezeka maradufu kila siku nne hadi tano. Kusubiri matengenezo ya mwaka kungekuwa uzembe. Njia iliombwa kuzimwa Jumapili, siku ambayo viwanda vingi vimepumzika na mzigo unaweza kubebwa na njia nyingine. Hadi siku hiyo opareta alisoma presha na kaunta kila baada ya saa sita, na jenereta ya kituo ilijaribiwa.

Kuna maelekezo yaliyobandikwa chumba cha udhibiti siku hizo ambayo yafaa kurudiwa hapa. Ukikuta presha ya fezi yoyote imeshuka hadi sifuri huku breka imefungwa na inapitisha umeme, usiwashe pampu. Bila presha, valvu kuu inaweza kuwa imepoteza mahali pake. Pampu ikianza kupandisha kutoka sifuri, upande wa fimbo ndio unaopata presha kwanza, na breka inaanza kufunguka taratibu ikiwa na mzigo. Breka za sasa zina kizuizi cha kimakanika cha kuepusha hilo, lakini kizuizi ni cha kuhakikisha kwa macho, si cha kukiamini kwa kusikia. Kwanza njia ikatwe kwa breka nyingine, isoleta (swichi za kutenga breka na njia) zifunguliwe, ndipo pampu iguswe.

Jumapili

Breka ilifunguliwa, isoleta za pande zote mbili zikafunguliwa na kufungiwa kufuli, voltiji ikapimwa kuwa haipo, ethi (nyaya za kuunganisha na ardhi) zikafungwa, kibali cha kazi kikasainiwa. Saa 2 asubuhi swichi ya mota ya pampu ya njano ilizimwa sindano ikiwa kwenye 320, breka ikiwa wazi. Baada ya saa nzima sindano ilikuwa bado kwenye mstari uleule. Kipimajoto cha kabati kilipanda nyuzi moja tu.

Kisha breka ikafungwa (isoleta bado ziko wazi, kwa hiyo hakuna umeme unaopita), presha ikapandishwa, pampu ikazimwa tena kwenye 320. Baada ya saa moja sindano ilisoma 311, na kabati lilikuwa limepata joto kutoka nyuzi 29 hadi 31. Toa bar 2 zilizoletwa na joto: presha halisi imeshuka hadi 309. Hesabu ya mililita 3.8 kwa dakika ilikuwa imetabiri 308.7.

Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanapunguza washukiwa haraka. Valvu ya usalama, valvu isiyorudisha ya pampu na valvu ya kutolea presha zina bar 320 muda wote, breka iwe wazi au imefungwa. Moja ingekuwa inavuja, ingevuja mara zote mbili. Sili ya pistoni ya silinda nayo inatoka: breka ikiwa wazi ina presha upande mmoja na sifuri upande wa pili, hapo ndipo ingevuja, ikiwa imefungwa pande zote zina presha sawa, na mafuta hayana sababu ya kupita. Ni watu wengi wanaoagiza seti nzima ya sili za pistoni kwa dalili kama hizi, kisha wanashangaa kaunta haijabadilika. Kinachovuja breka ikiwa imefungwa tu ni kile kinachotenganisha upande mkubwa na tenki: kiti cha kutolea cha valvu kuu (mahali valvu inapokaa ikiziba), au mojawapo ya valvu ndogo mbili za kufungua.

Mafundi waliweka bisibisi ndefu kwenye mwili wa valvu na mpini wake sikioni. Kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa tyubu ya baiskeli iliyotobolewa na mwiba. Kamera ya joto ilijaribiwa na haikuonyesha kitu, na si ajabu: mililita 3.8 kwa dakika zikishuka kutoka bar 320 hadi sifuri hutoa wati 2 za joto, na wati 2 zinapotea ndani ya kipande cha chuma cha kilo kadhaa kilichokaa juani.

Ili kutofautisha valvu kuu na zile ndogo, bomba jembamba linalorudisha mafuta ya valvu ndogo tenkini lilitolewa upande wa tenki, ambako hakuna presha, na kuelekezwa kwenye kikombe cha maabara. Dakika kumi, hakuna tone. Kisha kifuniko cha kujazia tenki kikafunguliwa, tochi ikamulikwa, na kwenye tundu la kutolea la valvu kuu kukaonekana uzi wa mafuta mekundu ukitiririka bila kukatika. Kikombe kikawekwa chini yake: mililita 37 kwa dakika kumi. Hesabu iliyofanywa kwenye karatasi Jumamosi na kikombe cha Jumapili vilipishana kwa matone machache.

Kufungua valvu

Breka ilirudishwa kuwa wazi, swichi za mota na za koili zote zikazimwa, na valvu ya kutolea presha ikafunguliwa polepole sana, robo zungusho. Hapa kuna kipimo cha bure ambacho hupotezwa na wanaofungua kwa haraka. Sindano ilishuka pole pole, 300, 270, 240, kisha ilipofika 211 ikaanguka moja kwa moja hadi sifuri. Pale inapoanguka ndipo pistoni inayoelea imegusa mwisho wake na mafuta yameisha. Presha hiyo ndiyo presha ya naitrojeni. Kabati lilikuwa na nyuzi 36. Bar 200 kwa nyuzi 20 ni bar 211 kwa nyuzi 36. Naitrojeni haikuwa imepungua hata kidogo, na mtungi wa gesi uliokuwa umeandaliwa ukarudi stoo.

Mafuta yalimwagwa kwenye ndoo safi. Ni mafuta mepesi ya madini, mekundu, ya aina inayotumika pia kwenye ndege. Haya yalikuwa na ukungu. Chujio la mdomo wa pampu lilipotolewa na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe, lilikuwa na nywelenywele nyeupe na za bluu zilizolala kwenye wavu.

Koni ya valvu kuu, kipande kinachokaa kwenye kiti, ilitolewa na kutazamwa kwa lenzi. Kwenye uso wa kuzibia kulikuwa na alama nyembamba iliyovuka kutoka upande wa presha hadi upande wa tenki, kama mkwaruzo wa kucha kwenye sabuni, na kwenye kiti chake kulikuwa na alama inayolingana. Uzi mmoja ulikuwa bado umenasa pembeni.

Hivyo ndivyo tundu dogo linavyokua. Uzi unanaswa valvu inapofunga, valvu haikai sawasawa kwenye kiti. Mafuta yanapita pale kwa tofauti ya bar 320, na kwa tofauti hiyo kasi yake inakaribia mita 270 kwa sekunde. Kwa kiasi kilichopimwa, tundu lilikuwa na upana wa kama milimita 0.02, wakati unywele wa kichwani una 0.05 hadi 0.1. Lakini kwa kasi ile mafuta yanakula chuma. Uzi ungeweza kuondoka wenyewe siku ya pili na mfereji ungebaki. Ndiyo maana kaunta ilipanda kila siku badala ya kusimama mahali pamoja, na ndiyo maana ushauri wa "ifungue na kuifunga mara tano isafishe kiti" husaidia siku za mwanzo tu. Jumatano ile kaunta iliposoma 9 pengine ungesaidia.

Nyuzi zilikotoka

Wiki tano kabla, mafuta ya njano na ya bluu yaliongezwa wakati wa ukaguzi wa kawaida. Mafuta yalitoka kwenye kopo lililokuwa limefunguliwa na kukaa stoo, na faneli ilipanguswa kwa matambara. Matambara ya karakana nyingi za jiji ni vipande vya nguo za mitumba, fulana za pamba zilizokatwa na kuuzwa kwa kilo. Ni mazuri kwa mikono na kwa injini za magari. Ukipangusa faneli kwa fulana ya pamba, unaacha nyuzi zisizoonekana, na mafuta yanazisomba. Chujio la mdomo wa pampu huzuia chembe za duara. Uzi ukija kichwa mbele hupenya.

Ukungu wa mafuta nao ulikuwa na sababu. Tone la mafuta ya kopo lile likadondoshwa kwenye sahani ya chuma yenye moto, likachachatika. Maji. Hewa ya Dar es Salaam hailazimishwi kuingia kwenye kopo lililo wazi. Inajikaribisha, na usiku unyevu wake unageuka matone chini ya kifuniko. Ni hitilafu ileile inayotokea ndani ya kabati hita ikiwa imekufa, na hita ya kabati la njano, ilibainika, ilikuwa imekufa. Ilibadilishwa siku hiyohiyo kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana cha timu.

Kurudisha

Koni na kiti vilibadilishwa kwa seti mpya. Kulikuwa na pendekezo la kusaga kiti kwa dawa ya kusagia valvu za injini, na lilikataliwa kwa sababu punje za dawa hiyo zikibaki kwenye njia ya mafuta zinafanya kazi ileile ya uzi, kwa ukali zaidi. Tenki lilisafishwa kwa mafuta mapya na kupanguswa kwa karatasi isiyotoa nyuzi. Mafuta mapya yaliingizwa kupitia mashine ya kuchuja yenye chujio la mikroni 3, kutoka kopo lililofunguliwa palepale.

Kutoa hewa kulichukua muda mrefu kuliko kubadilisha valvu. Pampu iliwashwa huku valvu ya kutolea presha iko wazi, mafuta yakirudi tenkini, hadi mapovu yalipoisha kabisa. Ukikatisha hapa, pampu itakimbia muda mrefu bila presha kupanda, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Mota ilipumzishwa kila baada ya dakika chache. Presha ilipandishwa kutoka sifuri breka ikiwa wazi na ethi zimefungwa.

Kipimo cha uvujaji kilirudiwa, saa moja wazi na saa moja ikiwa imefungwa. Mara zote mbili sindano haikutoka mahali pake zaidi ya kile kilicholetwa na joto. Kisha pampu ikazimwa kwenye 327 na breka ikapewa mfululizo wa kufungua, sekunde 0.3, kufunga na kufungua tena. Sindano ilisimama 272, na baada ya dakika mbili ikajivuta hadi 276, kwa sababu naitrojeni iliyotanuka ghafla hupoa na baadaye hurudisha joto. Anayeandika 272 bila kusubiri atadhani akumuleta ni ndogo kuliko ilivyo.

Vipimo vya muda: kufungua, nyekundu milisekunde 20.4, njano 20.9, bluu 20.6. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka fezi zisipishane zaidi ya moja ya sita ya mzunguko wakati wa kufungua, ambayo kwa hezi 50 ni milisekunde 3.3, na robo ya mzunguko, milisekunde 5, wakati wa kufunga. Zote zilikuwa ndani kwa mbali. Saa 11 jioni ethi zilitolewa na njia ikarudishwa.

Wiki tatu zilizofuata kaunta ya njano ilisoma 3 au 4 kwa siku, zote kati ya jioni na alfajiri. Chumba cha udhibiti kimeongezewa kengele inayolia pampu yoyote ikiwaka zaidi ya mara 10 ndani ya saa 24. Matambara ya mitumba yameondolewa kwenye kabati la zana za haidroliki, ingawa bado yanatumika kwingine kituoni.

Imebaki bluu, iliyoongezwa mafuta kutoka kopo lilelile. Wiki ya kwanza ya Machi ilikuwa inasoma 4. Jumanne ilisoma 6, mara moja kati ya hizo saa 7 mchana. Ombi la kuzima njia limeshapelekwa, na seti ya pili ya koni na kiti iko mezani.